Fundi Anayefulika

Gereji ile ilitenganishwa na kwa dobi kwa ukuta mmoja wa mabati, na ugomvi wote wa mke na mume wale ulipita juu ya ukuta huo.

Upande wa gereji alifanya kazi fundi bodi, mtu wa miaka hamsini na ushei, mabega mapana, vidole vifupi vilivyokakamaa kwa kushika nyundo. Gari likibondwa ubavu au likikunjwa boneti lililetwa kwake, naye alilinyoosha mpaka mwenye gari akasahau aligongana na nani. Mtaani walimwita Nondo, na jina hilo halikutokana na kazi yake. Walimwita hivyo kwa sababu hakupinda. Ukimwambia, "Fundi, leo jua kali," atakujibu, "Hapana," kisha ndipo ainue uso kuangalia juu.

Upande wa pili alifanya kazi mkewe, Mama Pacha. Mapacha wenyewe walishakua wakaenda kuanza maisha yao mbali, wakawaachia wazazi jina. Mama Pacha alikuwa dobi. Alifua shuka za nyumba mbili za wageni na makoti meupe ya zahanati, akazianika kwenye kamba sita zilizonyooka kama mistari ya daftari. Zikipigwa na jua, ungedhani mtu amewasha taa mchana.

Tatizo lilikuwa Fundi Rangi. Huyu alikuwa mshirika wa Nondo, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga msasa na kupuliza rangi magari yaliyokwisha kunyooshwa. Alipulizia pale pale kwenye ukuta wa mabati. Upepo ukigeuka kidogo tu, shuka za wageni zinapata vidoadoa vya kijani, au vya bluu, kutegemea gari la siku hiyo. Mara moja koti la daktari lilirudi zahanati likiwa na bega la rangi ya dhahabu, na mgonjwa mmoja akampigia saluti.

"Baba Pacha," mkewe alimwambia mwaka wa kwanza, tena akiwa amesimama katikati ya wateja, "hamisheni hiyo rangi mpeleke kule nyuma."

"Hapana," Nondo akasema.

Basi ikawa hivyo kwa miaka minane. Mama Pacha aliomba kwa upole, akaomba kwa ukali, akaomba kwa kununa, akaomba kwa kuweka shuka yenye madoa juu ya meza ya chakula bila kusema neno. Jibu lilikuwa lile lile. Mwisho akazoea kufua mara mbili.

Siku moja akaja mkaguzi wa kampuni ya bima. Kampuni ilikuwa inatafuta gereji za kupelekea magari ya wateja wake, na mkaguzi huyo alizunguka kuzikagua moja baada ya nyingine. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye viatu vya kutembelea na kalamu iliyofungwa kamba shingoni. Alimwamkia Nondo shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akazunguka gereji nzima kimya kimya. Alipomaliza akasema:

"Mzee, kazi yako ni nzuri, sina shaka nayo. Ila kuna mambo matatu. Mitungi ya gesi isimame na ifungwe mnyororo. Pawe na kizima moto. Na rangi isipuliziwe hapa karibu na makazi ya watu, ihamie kule nyuma."

"Hapana," Nondo akasema.

"Lipi hapana?"

"Yote."

Mkaguzi akaandika kitu. "Haya. Nitapita tena Ijumaa."

"Hata ukipita mwakani."

Ijumaa alipopita, mitungi ya gesi ilikuwa imesimama kama askari, mnyororo kiunoni. Nondo akamwambia kabla hajaulizwa, "Nimeifunga kwa sababu ilikuwa inanikera macho." Kizima moto chekundu kilikuwa kinaning'inia mlangoni. "Hicho ni cha nyumbani, nimekiweka hapo kwa muda." Na kule nyuma, kwenye kiwanja kilichojaa vyuma chakavu, mtu alikuwa amechora ardhini mistari minne kwa chokaa, mraba mkubwa unaotosha gari kuingia. Mkaguzi akaukodolea macho mraba ule.

"Nilikuwa napima tu," Nondo akasema. "Kupoteza muda."

Mkaguzi akaandika tena, akaaga, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili ikaja bahasha. Ndani mlikuwa na nakala ya ripoti, karatasi mbili, zote kwa Kiingereza. Kiingereza cha Nondo kilikuwa cha vipuri: alijua bampa, alijua boneti, alijua giaboksi, basi. Akamwita Fundi Rangi, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha makopo.

Fundi Rangi alifuta mikono, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Sehemu kubwa alielewa, au alijifanya: gereji imekubaliwa, kwa sharti kwamba rangi ihamishwe ndani ya mwezi mmoja. Halafu akafika chini kabisa, penye nafasi iliyoandikwa maelezo kuhusu mmiliki. Hapo palikuwa na neno moja tu. Mmiliki: *malleable*.

"Hilo nini?" Nondo akauliza.

Fundi Rangi alikunja uso. Akalitazama neno lile kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Halafu uso ukamkunjuka.

"Kaka! Hili rahisi. Angalia." Akachukua kopo la rangi ya nyumba, akaonyesha maandishi ubavuni. "Hapa wameandika *washable*. Maana yake rangi hii inaosheka. Sasa hiyo *able* ya mwisho ndiyo ile *-ka* yetu: inaosheka, inawezekana, inafanyika. Umenipata?"

"Endelea."

"Sasa huku mwanzo kuna nini? Mali! Mali, *able*. Mali inawezekana. Mtu ambaye kwake mali ni jambo la kuwezekana. Kaka, wamekuona! Wamekuandika kwamba wewe ni tajiri ambaye bado tu hajapata."

Nondo akaichukua ile karatasi akaisogeza mbali kidogo, kama mtu anayeangalia picha yake mwenyewe. Hakusema hapana.

Mchana ule habari ilikuwa imeshafika mwisho wa mtaa. Fundi viatu alikuja kumpa mkono. Muuza matunda akampa embe la bure, "ukumbuke watu wako." Nondo alianza kutembea mikono nyuma, tumbo mbele, akikagua magari yale yale aliyoyafungua mwenyewe asubuhi kana kwamba ni ya kwake yote. Alipomwambia mkewe kupitia juu ya ukuta, Mama Pacha alisimamisha kubana shuka, vibanio viwili mdomoni.

"Mali," akasema, akavitoa vibanio. "Baba Pacha, shati ulilovaa lina matobo manne. Nimeyahesabu wakati nalifua. Kampuni ya bima itakaa ofisini iandike habari za mali yako? Nenda kwa yule dada wa dawa. Ana kamusi."

"Siendi."

Alikwenda saa tisa, akisema alikuwa anapita tu.

Mwenye duka la dawa, ng'ambo ya barabara, alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani minene, aliyependa kusoma vikaratasi vya ndani ya pakiti za vidonge kama wengine wanavyosoma magazeti. Kamusi yake ilikuwa kubwa, haina jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwenda kufungia dawa ya minyoo. Kwa bahati herufi M ilikuwa salama. Mama Pacha alikuwa amevuka pamoja na mumewe, mikono ingali na povu, na Fundi Rangi hakuweza kukosa.

Mwenye duka akatembeza kidole. "Hili hapa. Neno lako, mzee, maana yake ni... *-a kufulika*."

Nondo akasogea karibu na kaunta.

"Kufulika," Nondo akarudia. "Kufulika vipi?"

"Ndivyo walivyoandika. Kitu kinachofulika. Kinachoweza kufuliwa."

"Kama shati?"

"Mimi nasoma tu, mzee."

Mama Pacha alianza kucheka kwa ndani, mabega yakimtikisika, halafu kicheko kikamshinda nguvu kikatoka chote. Alicheka mpaka akashika kaunta. "Miaka yote," akasema akifuta machozi kwa povu, "miaka yote nafua, sijawahi kuona mume amepewa cheti! Wameandika kabisa, anafulika! Hajachuja rangi wala hajaruka!"

"Kwa hiyo wanasema mimi ni mchafu," Nondo akasema.

"Hapana, kaka," Fundi Rangi akamfariji, "wangesema mchafu wangeandika mchafu. Wanasema uchafu upo ila unatoka."

Nondo akatoka dukani bila kuaga.

Kesho yake alifika gereji akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mikono yake imesuguliwa kwa jiwe mpaka imekuwa myekundu. Mteja mmoja alimpita mara mbili akimtafuta. "Samahani, mzee, fundi yuko wapi?" Nondo akasema yeye ndiye, mteja akasema asubuhi njema, atarudi fundi mwenyewe akifika. Kuingia chini ya gari akashindwa, kuegemea mlango akashindwa, kushika nyundo alishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mkia wa panya. Mpaka saa nne alikuwa hajagonga hata mara moja. Saa nne na robo bomba la mafuta ya breki likapasuka karibu yake, na habari ya shati jeupe ikaishia hapo.

Ndipo mwenye duka la dawa alipovuka barabara mbio, kamusi kifuani.

"Mzee, nisamehe! Jana sikugeuza ukurasa. Maana ya pili ilikuwa nyuma."

"Soma."

"Kwa mtu: *-epesi kushawishika, -a kugeuzwa kwa urahisi, -sio na msimamo*."

Fundi Rangi alizima kompresa. Hata yeye aliona hapa si mahali pa utani.

Nondo hakupandisha sauti. Alisimama pale, mafuta ya breki yakimtiririka kwenye shati, na masikio yakamwiva. Kuitwa mchafu, mtu angevumilia; gereji si chumba cha upasuaji. Lakini kugeuzwa! Yeye! Mtu aliyekataa kusogeza geti lake hata kidole kimoja wakati wa kuchimba mtaro, mpaka mtaro ukapinda ukamzunguka!

"Nitakwenda ofisini kwao," akasema. "Watalifuta."

Lakini ilikuwa Alhamisi, ofisi imefungwa kwa sikukuu mpaka Jumatatu, na siku tatu zilizobakia Nondo alizitumia kuonyesha ulimwengu msimamo. Alikataa chai kwa sababu alikaribishwa. Alikataa mwavuli kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Mlangoni mwa duka la vipuri alikutana na mtu aliyebeba godoro kichwani, yule akasema, "Samahani, mzee, nipishe kidogo," na Nondo akasema hapana, na mwenye godoro naye alikuwa mtu wa namna yake, wakasimama hapo dakika kumi na tano godoro likiwalalia wote wawili, mpaka mwenye duka akawatoa kwa nyuma.

Jumatatu asubuhi Mama Pacha akamwambia, "Vaa lile shati la bluu."

"Sivai."

Alivaa la bluu. Lilikuwa karibu.

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi zikinuka dawa ya kupigia deki. Alipewa namba, akakaa kwenye benchi la chuma kati ya mtu aliyeunguliwa na duka na mtu aliyeibiwa pikipiki. Feni ilizunguka kwa kulalamika. Alikuwa amepanga maneno yake tangu usiku, na aliyarudia kimoyomoyo: kwanza, lifutwe. Pili, nipewe barua ya kuomba radhi. Tatu, rangi sihamishi.

Mkaguzi alimpokea kwa kusimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikuja kukaa." Akakaa, kwa kuwa kiti kilikuwa tayari kimevutwa. Akatandaza ripoti mezani, akaweka kidole juu ya neno. "Hili. Umenitukana."

Mkaguzi akasoma. "Nimekutukana wapi?"

"Umeandika kwamba mimi ni wa kugeuzwageuzwa. Nimeangalia kwenye kamusi. Umeandika kwamba ninafulika."

"Ndiyo, unafulika," mkaguzi akasema bila kupepesa. "Nilifikiri utafurahi. Babu zetu mtu mwenye kazi kama yako walimwitaje?"

"Fundi."

"Kabla ya fundi."

Nondo akakuna kidevu. Babu yake mzaa baba alikuwa anatengeneza majembe na visu. Alimkumbuka kidogo sana, moshi na mgongo. Watu wakipita njia walikuwa wanasema... "Mfua chuma," akasema polepole.

"Mfua chuma. Alikuwa anafua chuma kwa sabuni?"

Nondo akatikisa kichwa.

"Neno hili ni la zamani," mkaguzi akaendelea. Ungemwona macho yamechangamka, kama mtu ambaye siku nzima anaandika habari za vioo vilivyopasuka na leo amepata wa kuzungumza naye. "Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini. Wale wa Kilatini nyundo waliita *malleus*. Kwa hiyo kitu kikiwa *malleable*, asili yake ni kitu kinachokubali nyundo. Unakigonga, kinatanuka, kinachukua umbo, wala hakipasuki. Dhahabu ndiyo inaongoza. Kipande kama punje ya mahindi ukikigonga kwa ustadi kinaenea kama shuka ya kitanda."

"Nyundo," Nondo akasema.

"Nyundo. Hata sikioni mwako kuna kimfupa kidogo, madaktari wanakiita kwa jina hilo hilo, kwa sababu kina umbo la nyundo na kazi yake ni kugonga ili usikie."

Nondo akagusa sikio lake bila kukusudia. "Upande gani?"

"Pande zote mbili."

Akaushusha mkono. Hakuja hapa kwa ajili ya mifupa. "Lakini ile maana ya pili. Ya msimamo."

Mkaguzi akaegemea kiti. "Mzee, mimi nimekagua gereji arobaini na moja. Ngoja nikwambie nilichokuta. Wengi waliniambia, ndiyo mama, ndiyo mama, kesho tu mama. Niliporudi, hakuna kilichoguswa."

"Hao mpira," Nondo akasema. Hapa alikuwa kwenye kazi yake. "Ukiubonyeza unabonyea, ukitoa kidole unarudi."

"Umesema vizuri kuliko mimi. Na wengine walinifokea, wakanifukuza, mmoja akarusha spana."

"Hao chuma cha kumimina. Kigumu, lakini kipige mara moja tu, kinapasuka vipande. Hakina faida, hakinyooki."

"Halafu kuna mzee mmoja, nilimwambia mambo matatu, akaniambia hapana mara tatu. Niliporudi alikuwa amefanya mawili na nusu. Wewe kwa lugha yako huyo ungemwitaje?"

Nondo akaangalia dirishani. Kwa lugha yake. Kila siku ya kazi, akipata mlango wa gari ambao bati lake linasikia, linaloinuka pale anapoliinua na kukaa pale anapoliweka, huwa analipapasa kwa kiganja na kusema, "Hili lina adabu." Bati linalomgomea analitukana tusi ambalo si la kurudiwa. Hajawahi hata siku moja kulisifu bati kwa kugoma. Miaka thelathini, na hajawahi.

"Sikuifunga mitungi kwa ajili yako," akasema mwisho.

"Sikuandika ni kwa ajili ya nani. Niliandika kilichotokea. Ila kama neno linakuuma, nalifuta sasa hivi." Akachukua kalamu iliyoning'inia shingoni. "Niandike nini badala yake? Kwamba hugeuziki?"

Kalamu ikakaa hewani. Nondo akaiangalia ncha yake. Hugeuziki. Alikuwa amelitaka neno hilo tangu Alhamisi, na sasa linakuja, akaliona linafanana sana na kile chuma cha kumimina.

"Liache," akasema.

"Niliache?"

"Liache, nimesema. Lakini rangi sihamishi."

"Sawa, mzee."

"Na barua ya radhi sitaki tena."

"Sawa."

Mlangoni akageuka. "Hicho kimfupa," akasema, "kikilegea mtu anajuaje?"

Alipofika gereji ilikuwa saa saba, jua limesimama utosini. Hakwenda kwenye gari. Alizunguka ukuta akaingia upande wa mkewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya mara kwa mara. Mama Pacha alikuwa ameinama juu ya karai, akisugua shuka yenye vidoadoa vyekundu.

"Wamefuta?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Ni neno la nyundo," Nondo akasema. Akamweleza yote, Waingereza, Wafaransa, Kilatini, dhahabu, mpira, chuma cha kumimina. Kuhusu sikio pia alimweleza, ingawa alikuwa amejiambia njiani hatalitaja.

"Una nyundo sikioni," Mama Pacha akasema. "Mbili. Ndiyo maana miaka minane naongea na husikii. Zinakupigia kelele."

"Ninasikia."

"Unasikia?"

"Siku zote nasikia."

Mama Pacha akaiacha shuka ikazama. Akamtazama. "Basi niambie leo, Baba Pacha, nielewe. Sikuombi kitu. Nataka kujua tu. Kwa nini hukuihamisha hiyo rangi?"

Nondo aliangalia kamba, akaangalia karai, akaangalia viatu vyake. Jambo hili hakuwahi kujiuliza mwenyewe, na jibu lilikuwa limekaa pale karibu mno, dogo, la aibu.

"Siku ya kwanza uliponiambia," akasema, "palikuwa na watu. Nikasema hapana. Ilinitoka tu. Halafu nikaona nikihamisha, watasema."

"Watu gani watasema?"

"Watu."

"Wateja wa miaka minane iliyopita? Wanakumbuka?"

"Fundi Rangi," Nondo akasema. "Alikuwepo. Angesema nimepangiwa gereji na mke."

Kichwa cha Fundi Rangi kikachomoza juu ya ukuta wa mabati, kinyago cha kupulizia rangi kimesukumwa kwenye paji la uso. Alikuwa amesimama juu ya kopo, na ilionekana alikuwa amesimama hapo muda.

"Mimi?" akasema kwa uchungu wa kweli. "Mimi niseme? Shemeji, mimi tangu siku ile ya kwanza nataka kwenda kule nyuma! Hapa jua linanipiga usoni kuanzia saa sita, rangi inanikaukia hewani kabla haijafika kwenye gari! Nilinyamaza kwa sababu bosi alisema hapana!"

Maji yalidondoka kutoka kwenye kamba, tone, tone.

"Miaka minane," Mama Pacha akasema.

"Ungeniambia," Nondo akamwambia Fundi Rangi.

"Ungesema hapana!"

Nondo akafikiri juu ya hilo. "Ndiyo," akasema, na wote wawili wakashtuka, kwa sababu neno hilo hawakulizoea kinywani mwake.

Walianza kuhamisha saa nane. Vyuma chakavu viliondolewa kiwanjani, nguzo nne zikasimamishwa kwenye pembe za mraba wa chokaa, mabati yakapanda juu, turubai likazunguka pande tatu. Kazi nzima ilichukua siku mbili na mchana mmoja. Fundi viatu alipita akauliza kulikoni, na Nondo, nyundo mkononi na misumari mdomoni, akamjibu kwamba upepo wa kule nyuma unafaa zaidi, jambo analolijua siku nyingi. Mama Pacha aliyasikia hayo ng'ambo ya ukuta na hakumsahihisha. Alikuwa ameanika shuka ishirini na nne, na kwa mara ya kwanza alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono mapajani, akizitazama zikikauka bila kuzilinda.

Mkaguzi alikuja mwisho wa mwezi, akaweka muhuri, na wiki iliyofuata kampuni ikaleta gari lake la kwanza: pikapu iliyoangukiwa na tawi la mti, paa limebonyea mpaka kwenye viti. Nondo alilizunguka mara tatu, akalipapasa, akaingia ndani akalala chali akaanza kuligonga kutoka chini, taratibu, kwa nyundo ya mbao.

Kitu ambacho hakuwa amekipigia hesabu ni kwamba mkewe sasa hafui mara mbili. Saa tisa alasiri kazi yake ilikuwa imekwisha. Na Mama Pacha hakuwa mtu wa kukaa bure. Siku hiyo aliichukua ile ndoo yake, akazunguka ukuta, akaketi gerejini kwenye kivuli cha pikapu, akamtazama mumewe anavyofanya kazi.

"Kushoto hapo," akasema baada ya muda, "bado kuna bonde."

"Hakuna," Nondo akasema kutoka ndani.

Alisubiri mpaka mkewe akageuka kuongea na Fundi Rangi, ndipo akapitisha kiganja juu ya bati, upande wa kushoto. Bonde lilikuwepo. Dogo, kama alama ya kijiko. Akaligonga mara mbili, polepole, ili asisikike.

"Sasa limekaa," Mama Pacha akasema, bila hata kugeuka.